Mboga Nilizoziacha Kwenye Pikapu ya Mzee Alden

Mpendwa Bi Maude, mimi ni msomaji wa safu yako ya ushauri gazetini, naomba msaada kabla ya Jumamosi ijayo, na naomba pia usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu nimeshachekwa vya kutosha na mume wangu, ambaye tangu Juni ananiita Mama Majani.

Sisi tulihamia huku Vermont miaka minne iliyopita kutoka mjini Hartford, na unawajua watu wa hapa, mtu wa miaka minne ni mgeni na wa miaka arobaini ni mgeni aliyezoeleka, kwa hiyo Februari nilipoona tangazo kwenye ubao wa posta kwamba ushirika wa wakulima unaandikisha wanachama wa fungu la msimu, yaani unalipa mara moja theluji ikiwa bado chini, halafu kuanzia Juni mpaka Oktoba kila Alhamisi unapewa kikapu cha mboga zilizochumwa asubuhi hiyo, zikistawi unafaidi pamoja na wao na mvua ya mawe ikipiga unakosa pamoja na wao, nikajiona nimepata mlango wa kuingilia. Nilikuwa nimewaona wale wanawake wa vikapu, Bi Maude. Wanasimama nje ya banda la ushirika na viatu vyao vya mpira vyenye tope, wanazungumzia viwavi utadhani wanajadili mashemeji zao, na mimi nilitaka kuwa mmoja wao. Sikufikiria hata mara moja kwamba ndani ya kikapu kutakuwa na mboga.

Nilidhani nyanya. Nilidhani stroberi, mahindi mabichi, labda na maua. Wiki ya kwanza nikapewa saladi nne, figili, mikia ya vitunguu saumu na sukuma wiki ya kutosha kulisha mbuzi, wiki ya pili vilevile na shamari juu yake, na wiki ya tatu ndipo ikaja kolrabi, ambayo kama hujaiona ni dude la kijani la mviringo linaloota mikono pande zote, nikaikata, nikaonja, nikaiweka chini na kunawa mikono. Mume wangu Dwight anakula nyama na viazi, na viazi havikuja mpaka Septemba.

Nilijaribu njia zote za heshima. Pale bandani kuna kreti la kubadilishana, unaacha usichokitaka na kuchukua alichoacha mwenzako, lakini siku moja nikakuta kreti zima limejaa kolrabi tupu, zote zangu, na mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ni nani huyu anayeacha haya na kuondoka na stroberi, ikabidi niiname kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Nikaanza kumwaga kwenye lundo la mboji nyuma ya nyumba, wakaja rakuni, wale wezi wa usiku wasiochagua chakula, wakachakura kila kitu, wakala mpaka maganda ya mayai, kolrabi wakaziacha. Friza ikajaa. Na ujue kwamba kila mwanachama anatakiwa kupalilia saa nne kwa mwezi, nami tangu Juni naumwa mgongo.

Ndipo nikakumbuka desturi ya hapa. Wewe mwenyewe unajua kwamba kijijini kwetu hakuna anayefunga gari mwaka mzima isipokuwa Agosti, kwa sababu Agosti ukiacha gari wazi unarudi na kukuta zukini nane, yale maboga membamba yanayozaa kupita kiasi, kwenye kiti na hakuna atakayekiri. Mimi nilianza Julai. Nikitoka bandani na kikapu changu napita mbele ya duka la kijiji, na pale kila Alhamisi husimama pikapu ya Mzee Alden Pelkey, mwenyewe akiwa ndani anacheza karata na wenzake mpaka saa kumi, na yeye hafungi gari hata Agosti, maana ni mkimya na mkali na hakuna anayethubutu kumfanyia utani. Nikafungua mlango, nikaweka mfuko wa karatasi kwenye kiti, nikafunga, nikaondoka. Nilijisikia mwepesi sana. Alhamisi iliyofuata nikarudia, na jana ilikuwa mara ya kumi na moja.

Kama ingeishia hapo nisingekusumbua. Mzee Alden ni jirani yetu, ana miaka sabini na nane, mkewe alifariki, na ndiye anayetuondolea theluji njiani bila kuombwa. Ana mtoto mmoja, Corinne, na Corinne ndiye anayeongoza ushirika. Ni mwaka wa saba hawasemeshani. Mzee aliuza ng'ombe wake wa maziwa pamoja na malisho ya juu kwa mtu aliyejenga nyumba za watu wanaokuja kiangazi tu, na Corinne alikuwa na ndoto ya kulima palepale, hakuulizwa, akaondoka, akakodi ardhi ng'ambo ya mto, na yeye na wenzake sita wakaanzisha ushirika. Wakikutana posta, kila mmoja anasoma ubao wa matangazo. Haya yote nilikuwa nayajua, Bi Maude, sitadanganya, ila nilikuwa nayajua vile unavyojua majina ya marais waliokufa, sikuyahusisha na mfuko wangu.

Sasa Jumanne wiki hii nilikwenda kumrudishia ngazi yake, akanikaribisha jikoni. Kwenye msumari kando ya jiko zimetundikwa kamba, zile nyembamba za kufungia marobota ya nyasi, ambazo Corinne hufungia mboga zote za ushirika kwa sababu hataki kusikia habari za mipira ya kufungia wala plastiki. Mzee hakuzikata wala kuzifungua, amezitelezesha polepole mafundo yakiwa yaleyale. Nikauliza ni za nini, na ningekuwa na akili nisingeuliza.

"Hili fundo nilimfundisha mimi, akiwa na miaka sita, la kumfungia ndama," akaniambia. "Hapa hakuna mwingine anayefunga hivi. Yule mtoto hawezi kusema samahani, jirani, na mimi siwezi. Basi ameniletea chakula."

Bi Maude, ameacha supu za kopo. Amekula hata kolrabi, anazikata vipande anazikaanga na siagi, anasema tamu. Bitiruti anazitia kwenye siki kama alivyokuwa akifanya marehemu mkewe, na Corinne, enzi hizo mtoto, akishika chupa, akanionyesha chupa tisa zimepangwa dirishani. Na ametoa kwenye banda lake mashine ya kupandia mbegu ya marehemu baba yake, ile ya kusukuma kwa mkono, ameisugua kutu na kuipaka rangi nyekundu, kwa sababu Jumamosi ijayo ni karamu ya mavuno ya ushirika kwenye ukumbi wa kijiji, kila mtu aje na chakula chake, na yeye atakuja, shati ameshalipiga pasi, atasimama mbele ya watu wote amshukuru binti yake kwa mboga na kumkabidhi ile mashine.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia mzee nitamuua. Nikimwambia Corinne atajua kwamba sijala hata jani moja la jasho lake, na hapo bado sijakwambia kwamba Julai nilituma kwenye jarida la wanachama maelezo ya kupika kolrabi kwa krimu na jibini, niliyoyatunga nikiwa nimelala kwenye kochi, wakayachapisha, watu wakanipongeza, na kwenye karamu nimepangiwa kuleta chakula hichohicho cha watu arobaini. Isitoshe nadhani Corinne ananichukia. Tangu katikati ya Agosti ananiongezea bitiruti, mafungu mawili, siku nyingine matatu, mimi peke yangu, wenzangu wote wanapewa moja, na nilishamwambia kwetu hatuli bitiruti, zinatia doa nguo. Nilipolalamika alisema, "Chukua tu, dada. Hizi najua zitaliwa." Kejeli hiyo, na mbele ya watu.

Dwight anasema nijifanye mgonjwa siku ya karamu na niyaache yajiendee, mzee amefurahi, binti hawezi kukataa shukrani mbele za watu, nani ameumia? Nami nusu ya moyo inakubaliana naye. Je, nikiendelea tu kuacha mfuko mpaka msimu uishe Oktoba, halafu nikajitoa kimyakimya, itakuwa vibaya sana?

Ni mimi ninayekutegemea,
Mama Majani

*

Mama Majani,

Uliniomba nisicheke mpaka mwisho. Nilishindwa kwenye viatu visivyo na kamba. Nilipofika kwenye ule msumari kando ya jiko kicheko kikaisha, na tangu hapo nimekukasirikia, kwa hiyo kaa chini.

Jibu hili nakutumia kwa posta leo Jumatatu, likufikie Jumatano. Gazetini litatoka Jumatatu ijayo, karamu ikiwa imekwisha, na majina ya watu nimeyabadilisha yote. Lakini usijifariji sana. Yeyote aliyewahi kuona kreti lenu la kolrabi atajua ni nani.

Nianze na lililo jepesi. Ulijiunga na ushirika wa mboga na mboga huli. Ulitaka tope la viatuni bila kukanyaga shamba. Wale watu walipokwambia zikistawi tunafaidi wote na zikiharibika tunakosa wote, walikuwa wanakueleza masharti, wewe ukadhani wanakuimbia. Ukachukua stroberi, ukaacha kolrabi, ukapokea pongezi za chakula ambacho hakijawahi kuona sufuria. Na huo mgongo wako nimeushangaa. Unabeba mfuko kila Alhamisi mpaka kwenye gari la mtu, unabeba ngazi mpaka kwa jirani, ila magugu ndiyo yanaushinda.

Hayo ni mambo ya kawaida na sitakusulubu kwayo. Mwaka wangu wa kwanza katika ushirika wa namna hiyo nilizika figili bustanini nisionekane natupa, zikaota, majirani wakanisifu kwa kilimo. Kwa hiyo nakuelewa kabisa mpaka Jumanne.

Shida yangu na wewe inaanzia Jumanne. Siku hiyo uliona zile kamba na ukamsikia mzee kwa masikio yako. Halafu Alhamisi, umesema mwenyewe, ukaweka mfuko wa kumi na moja. Mpaka Jumanne ulikuwa unatupa mboga, Mama Majani. Alhamisi ulikuwa unamwandikia mtu barua kwa mkono wa binti yake, tena bila haya, kwa sababu kuacha mfuko ilikuwa rahisi kuliko kuubeba mpaka nyumbani.

Dwight anauliza nani ameumia. Mwambie afikirie ukumbi. Mzee wa miaka sabini na nane amesimama mbele ya watu arobaini na shati lake lililopigwa pasi, ameshukuru kwa mboga, na binti yake anamwuliza, mboga zipi? Kila mtu amesikia. Atabeba ile mashine yake nyekundu airudishe kwenye pikapu peke yake, kwa maana hakuna atakayejua kama ni vizuri kumsaidia. Miaka saba hawakusemeshana, na baada ya hapo hawatasemeshana tena mpaka mmoja azikwe. Na wewe uko kitandani unajifanya una homa.

Unasema ukimwambia mzee utamuua. Huyo amemzika mkewe, ameuza ng'ombe wake, na ameishi miaka saba umbali wa daraja moja na mtoto asiyemwamkia. Hatakufa kwa habari zako. Anayeogopa kufa ni wewe, kwa aibu, na aibu ya kolrabi haijawahi kuua mtu.

Sasa nataka usome tena barua yako, kwa sababu nina wasiwasi kwamba uliiandika bila kuisoma. Mwanamke ambaye hataki hata kipande cha mpira kipotee shambani kwake anakuongezea bitiruti wewe peke yako, wewe uliyemwambia huzili, na anakwambia anajua zitaliwa. Zitaliwa na nani? Na Dwight? Ni nani hapo kijijini anayetia bitiruti kwenye siki, na ni mtoto gani alikuwa akishika chupa? Umekuwa ukifungua mlango wa ile pikapu mchana kweupe, mbele ya duka, na kikapu cha ushirika mkononi. Watu wa hapo wanajua zukini ya nani imelala kwenye kiti cha nani. Ulidhani hili limewapita?

Huenda nimekosea. Huenda mwaka huu bitiruti zilimzidi tu Corinne, akatafuta mtu mpole wa kumtwika. Mimi naandika gazetini, sipigi ramli. Ndiyo maana hatutakisia, si mimi wala wewe. Utauliza.

Alhamisi hii nenda bandani mapema, wakiwa bado wanaosha mboga, kabla wale wanawake unaowatamani hawajafika. Mwambie Corinne maneno haya tu: "Mfuko kwenye gari la baba yako ulikuwa wangu. Nilikuwa natupa." Usimtaje Dwight, usiutaje mgongo, na usilie, maana ukilia atalazimika kukubembeleza na ana kazi. Kisha mweleze habari za kamba kwenye msumari, za chupa tisa, za mashine, na atakachofanya baba yake Jumamosi. Halafu nyamaza. Najua ni kazi ngumu kwako, lakini nyamaza.

Akisema alikuwa anajua, mwachie kikapu chako chote, bitiruti zikiwemo, umwambie pikapu iko mbele ya duka mpaka saa kumi na haijafungwa. Kisha uende zako. Usijipendekeze kumsindikiza.

Akisema hakujua, atakasirika, na ana haki, vumilia. Kutoka hapo nenda moja kwa moja dukani, umwombe mzee atoke nje, wenzake wa karata wasisikie, umwambie kwamba aliyemdanganya ni wewe na si mwanawe. Kisha, kabla hajakugeuzia mgongo, mwambie na lile la kweli, kwa sababu katika fujo yako yote lipo moja la kweli: mboga zile alizipanda Corinne, akazichuma Corinne, na lile fundo alilifunga yeye, kila wiki, kama alivyofundishwa. Miaka yote hii hakulibadilisha. Kwenda ukumbini au kutokwenda aamue mwenyewe, shati tayari limepigwa pasi.

Na wewe Jumamosi utakwenda, nimekataa homa. Utapika kolrabi za watu arobaini kwa maelezo yako yaleyale ya kwenye kochi, bila kubadilisha hata chumvi, na sahani ya kwanza utakula wewe, mbele ya watu, mpaka iishe. Wakikuuliza umewahi kuzipika kabla ya leo, sema hapana. Oktoba wanapanda vitunguu saumu, kazi ya kuinama tangu asubuhi mpaka jioni. Jiandikishe, na mgongo wako ujiandikishe nawe. Mwakani kama bado mboga zinakushinda, lipia fungu na useme wazi tangu Februari kwamba liende kwa mzee. Hapo hata kolrabi itakuwa imepelekwa kwa jina lako.

Bado jambo moja. Alhamisi hiyo, kama ulitoka bandani mikono mitupu, baadaye mchana utapita mbele ya duka, kwa sababu barabara ya kwenu ni hiyohiyo. Ukiona kuna mtu amesimama kwenye mlango wa pikapu, ameshika mfuko na haingii wala haondoki, usipige honi, usipunge mkono, wala usipunguze mwendo. Mfuko huo haukuhusu tena.

Maude Thibodeau